Iksi Itakuja Yenyewe

Kitabu cha kwanza cha hesabu chenye picha nilichomletea binti yangu, akiwa na miaka sita, nilikiharibu mwenyewe. Kila ukurasa namkatisha: "Haya, hapa wako ndege wangapi? Wakiruka wawili?" Usiku wa tatu akakifunga. "Baba, hiki cha shule," akasema, akakisukuma chini ya mto.

Sasa ana miaka tisa, mdogo wake wa kiume ana saba, na vitabu vya namna hiyo vimechakaa rafuni kuliko vya hadithi. Kilichobadilika ni mdomo wangu tu. Nasoma kilichoandikwa, nageuza ukurasa wakitaka, basi.

Ukurasa ulionifunza kunyamaza una picha ya mizani. Kitanga cha kushoto kina visanduku vitatu vinavyofanana, vimefungwa, na kando yake gololi mbili. Cha kulia kina gololi 11. Vitanga vimelingana. Binti yangu aliitazama picha ile mpaka nikadhani kasinzia. Kisha akafunika gololi mbili za kushoto kwa kidole gumba, na kwa mkono wa pili akafunika mbili za kulia. "Zikitoka huku zitoke na huku, la sivyo itainama." Zikabaki tisa. "Kila kisanduku kina tatu."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikachukua kalamu nikaandika 3x + 2 = 11, nikamwambia ndicho alichofanya. "Hiyo iksi imetoka wapi?" Uso ukamkunjamana kama siku ile ya ndege. Nikaificha kalamu.

Siku zilizofuata tukawa tunatungiana mafumbo ya mizani kwenye daftari. Alichora visanduku vizuri, na kamba za kuvifungia. Baada ya wiki kamba zikatoweka, kisha kisanduku kikawa kijimraba, halafu siku moja akauliza kama inaruhusiwa kuandika herufi tu, maana mkono unamuuma. Ushauri wangu wote kuhusu aljebra umo humo: mwache mtoto achore mpaka achoke. Herufi ikija kama nafuu, haimtishi. Hata wakubwa walichelewa kuifikia. Mwanahisabati Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad mnamo mwaka 820 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alieleza kila kitu kwa maneno matupu. Desturi ya kuita kisichojulikana x, y au z tumeirithi kwa Mfaransa Descartes, mwanahisabati na mwanafalsafa, mwaka 1637. Na katika jina la kitabu kile cha Baghdad, baada ya al-jabr linafuata al-muqabala, neno ambalo Mswahili analijua: mkabala. Kukabilisha pande mbili na kupunguza sawasawa huku na huku. Vidole vya binti yangu.

Mizani ina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Mpe mtoto 8 + 4 = __ + 5 uone; wengi huandika 12, kwa sababu kwao alama ya = maana yake ni "toa jibu". Wangu naye aliandika 12. Nilipomchorea mizani chini yake alifuta bila kuambiwa, akaandika 7.

Nikichagua kitabu, nafunika maneno kwa kiganja. Picha peke yake ikiendelea kusema hesabu, nakichukua. Dubu aliyevaa kofia kando ya 7 + 5 ni pambo, na vitabu vya mapambo ni vingi mno.

Jiometri ina mtego wake. Vitabu vingi huchora pembetatu ikiwa imekalia upande mmoja, imetulia. Mwanangu alipokuta iliyosimama kwa ncha alisema, "Hii imeanguka." Mraba ulioinamishwa akakataa katakata kwamba ni mraba, eti ni almasi. Sikumlaumu, kila picha aliyowahi kuona ndiyo iliyomfundisha hivyo. Kwa hiyo siku hizi tunasoma vitabu vya maumbo tukivigeuza, juu chini, ubavu, na natafuta vyenye pembetatu nyembamba, ndefu, zilizolala. Wakiwa wakubwa kidogo waonyeshe kazi ya Oliver Byrne, iliyochapwa London mwaka 1847 na inayopatikana bure mtandaoni. Alichukua vitabu sita vya kwanza vya jiometri vya Euclid, Mgiriki wa kale, na badala ya kuita mistari na pembe kwa herufi, akazitia nyekundu, bluu na njano. Maneno yake magumu, yaruke. Wangu hufuata rangi kwa kidole tu.

Na mkasi uwe karibu. Kitabu kimoja kina pembetatu inayojichana vipande na kucheka. Mwanangu akataka naye ajaribu. Tukakata pembetatu ya karatasi, tukachana pembe zake tatu, tukazipanga ncha zikikutana. Zikalala kwenye mstari ulionyooka, nyuzi 180. Akakata nyembamba, akakata pana, akakata moja mbaya kabisa kwa makusudi. Zote zikalala vilevile, akaanza kukasirika.

Dada yake ndiye aliyeleta mpira na kalamu ya wino. Akaanzia kileleni, akashuka mpaka kiunoni mwa mpira, akafuata kiuno robo ya mzunguko, akapanda tena kileleni. Pembetatu yenye pembe mraba tatu. "Jumlisha, Baba." Tisini mara tatu, 270.

Nilifungua mdomo nieleze, nikaufunga. Kesho yake nikaukuta mpira chini ya kitanda, umechorwa pembetatu nane za namna hiyo, zimeufunika mzima.