Barua kwa mwanangu Zuhura, mwenye siku 12 na miji 7

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Huku Tabora hatujambo. Miguu inanisumbua asubuhi, ikishapata jua inatulia. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema mmepata siku 12 mwezi Juni shule zikifungwa, baba Idrisa kapewa likizo kazini, na hii itakuwa mara ya kwanza mtoke Dar es Salaam wote wanne bila kuitwa na msiba wala harusi. Kisha ukanimwagia orodha: Dodoma, Tabora, Mwanza, Kigoma, Arusha, Mbeya, Unguja. Ukauliza, "Mama, tupite wapi na tuache wapi? Idrisa na Rukia wanakaribia kupigana." Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Nianze na Tabora. Umeandika: usiku mmoja, kumsalimia bibi. Zuhura, mimi si mhuri wa kugongwa kwenye pasi. Mkija kulala usiku mmoja mtafika mmechoka, mtakula, mtalala, na alfajiri mko stendi. Afadhali msije, mnitumie picha.

Tena hilo la usiku mmoja mmoja ndilo linaloniudhi kwenye orodha nzima, kwa sababu mimi na marehemu baba yako tulishalifanya, na walioadhibiwa ni nyinyi. Mwaka 1999 ulikuwa na miaka 15. Baba yako alikuwa kalipwa pesa ya tumbaku, akataka watoto wake waione nchi. Dar, Tanga, Moshi, Arusha, zote kwa siku 9. Basi likatufia katikati ya Hedaru na Same, kondakta akiapa kwamba fundi yuko njiani, na fundi hakuonekana mpaka alfajiri. Arusha tuliingia mchana, tukapiga picha pale mnara wa saa, kesho yake asubuhi tukapanda basi la kurudi. Picha ninayo, iko kwenye bahasha ya vyeti. Anayecheka ni baba yako peke yake. Kaka yako kafumba macho, kiatu kimoja hakina kamba. Wewe umegeuza uso kabisa, unamtazama muuza karanga. Miaka yote nikikuuliza Arusha ilikuwaje unanijibu, "Nilikuwa na usingizi." Lakini yule mama wa kule barabarani aliyetuletea uji wa moto usiku, unamkumbuka mpaka rangi ya kikombe.

Kwa hiyo acha kuhesabu miji. Hesabu mtalala mara ngapi. Mji mkiulala mara tatu, siku ya kwanza watoto watanuna kwa uchovu, ya pili wataanza kuuliza maswali, ya tatu watatoka wenyewe bila wewe kuwaamsha. Siku 12, ukitoa zile za barabarani, zinabeba miji mitatu. Ukijikaza sana.

Sasa ugomvi wa hao wawili. Wewe ni mtoto wa Tabora, usisahau kwamba mji wako unajua mambo ya kuchagua kitu usichokipenda. Januari 1958 TANU walikutana hapa hapa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi waliona ni matusi wakataka kususa. Nyerere akawashawishi waingie, wakaingia, wakashinda, na mkutano ule mpaka leo unaitwa Uamuzi wa Busara. Basi nanyi pigeni kura tatu. Kila mmoja aandike kwenye karatasi: kura ya kwanza ni mji anaoutaka mwenyewe, ya pili ni mji anaoutaka mwenzake, ya tatu ni mji ambao hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuukanyaga. Watu wanne, kura 12. Wewe na mumeo msichungulie karatasi za watoto. Rukia ana miaka 14, akijua unamtazama ataandika unachotaka wewe, kisha atanuna safari nzima.

Ila kabla ya kura, mimi kama msimamizi wa uchaguzi naengua wagombea watatu, na sipokei rufaa. Unguja mko nayo pua na mdomo, saa mbili tu kwa boti ya kasi, nendeni Ijumaa mrudi Jumapili. Mbeya iko kwenye reli nyingine na Juni mtapigwa baridi bure. Arusha najua Idrisa atalia, maana rafiki zake wamempelekea picha. Mwambie simnyimi. Lakini Arusha ukienda ukaishia mjini umekwenda kuangalia magari ya watalii yakipita. Kinachowapeleka watu kule ni mbuga, na mbuga kwa watu wanne, viingilio, gari na kulala, ni safari yake yenyewe yenye mfuko wake wenyewe. Msiichomeke katikati ya hii.

Waliobaki, Dodoma, Tabora, Mwanza na Kigoma, wote wako kwenye reli moja, na hapo ndipo raha ya mpango inapoanza.

Nendeni Dodoma kwa treni ya umeme. Tangu 2024 inafika, na Idrisa atakaa dirishani akisoma namba za mwendo kwenye kile kioo kama anasoma matokeo ya mtihani. Juni Bunge la bajeti linakuwa limekaa, na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza wakifuata utaratibu. Ulizieni mapema, mvae nguo za heshima. Kijana wa kidato cha tatu anayebishana na taarifa ya habari kila jioni, mpeleke akawaone hao anaobishana nao. Vyumba pia uvitafute mapema, wakati wa Bunge nyumba za wageni zinajaa. Siku mbili zinatosha pale. Zabibu mle, basi.

Kutoka Dodoma mje kwa basi kupitia Manyoni na Itigi, mchana mtaona miti ya miyombo mpaka mchoke, jioni mko kwangu.

Halafu njia panda. Mimi miaka yote niliyokaa dirishani kukata tiketi pale stesheni, swali lilikuwa ni hilo moja: Mwanza au Kigoma? Treni ikifika toka Dar mabehewa yanafunguliwa, haya yanavutwa kaskazini, haya yanakwenda magharibi. Niliwahi kumpata bwana mmoja, kasha lake begani, akanyoosha pesa akasema nimkatie Mwanza. Nikaandika. Akasema hapana, Kigoma. Nikamuuliza anakwenda kwa nani. Akasema kote kuna shangazi. Nikamwambia akae kwenye benchi mpaka ajue ni shangazi yupi aliyemkumbuka. Wewe orodha yako ni ya huyo bwana. Miji hii miwili iko pande mbili tofauti, na kwa siku zilizobaki mkiitaka yote mtaishia kuyajua mabasi. Chagueni mmoja.

Moyo wangu, usiwaambie watoto kabla ya kura, uko Kigoma. Reli ilifika pale mwaka 1914 na mpaka leo inakomea karibu na maji, unashuka behewani unaliona ziwa. Ujiji ni palepale jirani, na watoto waliosoma kwenye kitabu kwamba Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 wataziona sanamu za wazungu wawili wamevua kofia chini ya miembe, Rukia atacheka, kisha atauliza wale watu waliobeba mizigo ya Stanley sanamu zao ziko wapi. Umjibu kwamba wengi walitoka huku kwetu Unyamwezi, na sanamu hawajajengewa. Kuna ile meli ya Liemba pia, Wajerumani waliijenga kwao, wakaileta vipande vipande, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate, Waingereza wakaiibua. Usiipangie safari kabla hujaulizia kama inatembea.

Lakini Kigoma wanayoisimulia watu ni ya usiku. Vipe, yaani mitumbwi ya wavuvi, vinatoka jioni, taa zinawashwa kuwaita dagaa, na ukisimama juu mlimani unaona mji mwingine umekaa juu ya maji. Hilo lina masharti mawili. La kwanza ni mwezi: mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika, kwa hiyo utazame kalenda uende wakati wa giza. La pili ndilo linalonivunja moyo. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Ukienda Juni na ziwa limefungwa, hutaona taa, na mgebuka mbichi utausikia kwenye hadithi. Tena hifadhi ya Gombe kuna kikomo cha umri kwa wanaoingia msituni kufuata sokwe, na Rukia anaweza kuambiwa abaki ufukweni na mmoja wenu. Umpeleke mtoto wa kike wa miaka 14 mpaka Gombe, kaka yake aone sokwe yeye ahesabu mawimbi? Hutalala usingizi wewe.

Kigoma iwekeeni Desemba, mwaka atakaokuwa ametimiza umri. Na Desemba ndiyo embe za Tabora zinaanguka zenyewe, mtapita kwangu mkienda na mkirudi.

Kwa Juni hii, kama kura zikifungana, kura ya kuamua ni yangu na nasema Mwanza. Juni ndio mwezi wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padri David Clement miaka ya 1950. Wanashindana ngoma makundi mawili, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, watu wanacheza na nyoka mkononi, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Rukia anayekaa na simu akijirekodi anacheza, hayo ni mashindano yake hasa. Idrisa na mambo yake ya ujenzi mpeleke Kigongo akatembee kwenye daraja jipya la kwenda Busisi, limefunguliwa 2025, ni kilometa 3 juu ya maji. Mimi nilikuwa navuka pale kwa kivuko, na foleni yake ilikuwa ya kula, kusali na kulala. Siku nyingine boti ya dakika chache tu iwapeleke kisiwa cha Saanane, wakae juu ya mawe. Mlale mara nne. Siku moja isiwe na mpango wowote, waacheni waamke saa nne.

Kurudi, kama mfuko unaruhusu, ndege. Kama hauruhusu, lile basi refu, na safari hii mlale palipo na kitanda.

Sasa nikuambie nilichokiona kwa Idrisa alipokuja mwaka juzi, maana naona kinakuhusu kuliko majina ya miji. Siku mbili nilimzungusha: nikampeleka Kwihara kwenye tembe la Livingstone, nikamwonyesha geti la shule aliyosoma Nyerere. Alikuwa anaitikia "sawa bibi," vidole viko kwenye simu. Siku ya tatu nilichoka, nikampa pesa nikamtuma sokoni peke yake alete asali chupa moja. Akaja na maji ya sukari. Sikumgombeza, nikamwambia tu hii huwezi kumpa mgeni. Akatoka bila kuaga. Kumbe alikwenda kwa mzee mwingine anayeuza asali pembeni, akafundishwa: pindua chupa, tazama kiputo cha hewa kinavyopanda. Kikikimbia, kuna maji. Kikipanda kwa kujivuta kama mtu anayepandisha ngazi na mzigo, hiyo lipa. Akairudisha ile chupa ya kwanza, akabishana, akarudishiwa pesa pungufu ya shilingi 500, akanunua kwa mzee. Kesho yake alitoka saa moja asubuhi kwenda sokoni na hakuna aliyemtuma.

Watoto wa umri huo ukiwaonyesha kitu wanakuonea huruma. Ukiwatuma wanakwenda. Kila mji wape kazi: huyu atafute chumba, yule ajue nauli na stendi, huyu anunue chakula cha jioni kwa pesa mliyokubaliana, na wakikosea mle walichonunua. Na kabla hawajafika, wafundishe kusema "mwangaluka" asubuhi. Itawafaa hapa kwangu na Mwanza pia, watu watawafungulia mdomo.

Nitumie matokeo ya kura kabla ya mwisho wa Aprili, nijue naweka kuku wangapi. Mnalala hapa mara tatu, hilo si la kupigiwa kura. Rukia aje na sweta, usiku wa Juni huku una ubaridi, na mwambie matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, yale aliyosema ni kama ngozi ya viatu nimemtunzia kopo zima. Idrisa naye, yule mzee wa asali anamuulizia kila nikipita, anasema yule mjukuu wako mbishi atakuja lini.

Mama yako