Dira ya simu na kibla
Ndugu yangu, umeuliza kama ni sawa kutegemea simu kutafuta kibla, maana chumbani imekuonyesha pande mbili tofauti. Kuitumia hakuna ubaya hata kidogo. Shida ni kwamba dira ya simu husoma sumaku, na nondo za ukutani, spika au kitanda cha chuma huipotosha. Toka nje ukapime tena. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Tena tarehe 28 Mei, saa 6:18 mchana, jua huwa juu ya Kaaba: simamisha fimbo wima uwanjani, uelekee kinyume cha kivuli. Mimi nilipima hivyo, nikaweka alama sakafuni.