Dawa ya simba iliyofanya kazi hadi Novemba

SWALI: Daktari, nina boma lenye ng'ombe 70, mbuzi na punda wanne upande wa mashariki wa Tarangire, wilayani Simanjiro. Mwaka jana mwezi wa nne simba walinilia ng'ombe watatu ndani ya wiki mbili. Mwezi wa tano nilimpata mtaalamu mnadani, akaniuzia dawa ya kupaka langoni na katika pembe zote za boma, na kweli simba hawakuonekana tena kiangazi chote. Lakini Novemba, mvua zilipoanza tu, walirudi, na juzi wameua punda. Mtaalamu anasema dawa imeisha nguvu, nipake kipimo mara mbili. Jambo jingine linalonishangaza ni kwamba wanakuja wakati pori limejaa pundamilia. Kwa nini wasije kiangazi, wakiwa na njaa? Vijana wangu wamechoka na wanataka kutia sumu kwenye mzoga wa huyo punda. Unanishauri nini?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa hasara. Naomba tuanze na tarehe ulizoziandika mwenyewe, kwa sababu jibu limo ndani yake. Ulipata hasara Aprili, ukanunua dawa Mei, ukapata utulivu kuanzia Juni, na simba wakarudi Novemba. Iweke kando ile chupa, kisha uzisome tena tarehe hizo ukiwa umeweka mbele ya kila moja hali ya mvua. Aliyekuuzia dawa hakulitibu boma lako. Alifika mnadani wiki chache kabla simba hawajaondoka wenyewe, na waliporudi kwa ratiba yao ya kila mwaka akapata sababu ya kukuuzia tena. Chupa za namna hiyo, zenye mafuta meusi yaliyochanganywa na majivu, nimezikuta zimening'inizwa kwenye malango ya maboma mengi, na bado sijaonyeshwa hata moja iliyonunuliwa Oktoba.

Kiangazi, Mto Tarangire ndio karibu maji pekee ya kutegemewa katika eneo kubwa linaloizunguka hifadhi, na kwa hiyo pundamilia, nyumbu na nyati hukusanyika kando yake. Simba hana sababu ya kutoka, kwa kuwa chakula kinakuja chenyewe mtoni kila siku na kupita katika njia zile zile. Mvua za vuli zinapoanza, mambo hugeuka: maji hupatikana kwenye kila dimbwi na korongo, na pundamilia na nyumbu hutoka kuelekea mbuga za Simanjiro, ambako majani mafupi yanayochipua yana fosforasi na kalisi nyingi kuliko majani marefu ya ndani ya hifadhi. Nyumbu anayenyonyesha anayahitaji madini hayo, na ndiyo sababu huzalia huko nje, kwenye ardhi ile ile unayochungia ndama wako. Hubaki hadi madimbwi yanapokauka baada ya masika, kisha hurudi mtoni kati ya Mei na Juni. Baadhi ya simba, si wote, huwafuata wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Mwenye dawa naye huwafuata, kwa namna yake.

Sasa nije kwenye lile linalokushangaza, ambalo ndilo kosa ninalolisikia katika kila mkutano wa kijiji na ambalo, nikiri, huniudhi kuliko dawa yenyewe. Watu wameshikilia kwamba simba huletwa bomani na njaa, na kwamba pori likijaa wanyama mifugo imesalimika. Kwa imani hiyo hukesha na kuimarisha miiba Septemba, jua likiwaka na simba wakiwa mtoni, kisha mvua ikinyesha hushusha pumzi, huwaachia watoto kundi, na huacha pengo la ukuta hadi kazi za shamba zipungue. Katika eneo lenye uhamaji kama lenu mambo huenda kinyume. Simba anafika karibu na boma kwa sababu pori limejaa, maana pundamilia ndiye aliyemleta, na akishafika hachagui kwa njaa, bali huchukua kilicho rahisi.

Na mifugo wakati wa mvua ni rahisi kweli. Mtoni simba alijua mahali pa kujibanza. Huku nje maji yametapakaa, pundamilia wametawanyika, na hakuna njia moja ya kuwavizia. Boma lako, kwa upande mwingine, ni ng'ombe 70 waliosimama mahali pamoja kila usiku, wakinuka na kulia kengele, na mara nyingi kuna vichaka hatua chache kutoka ukutani. Usiku wa mvua mbwa hawasikii wala hawanusi vizuri, wanaume wamejifunika ndani ya nyumba, na mawingu yameuziba mwezi. Watafiti waliofuatilia mashambulizi katika ranchi zinazopakana na Tsavo Mashariki nchini Kenya katika miaka ya 1990 waliona jambo hilo hilo: mashambulizi ya simba yaliongezeka katika miezi yenye mvua. Hapa kwetu Tarangire nako imeonekana mara kwa mara.

Sisemi kwamba njaa haihusiki kamwe. Baada ya ukame mkubwa wa mwaka 2009 huko Amboseli, nyumbu na pundamilia walikufa kwa wingi kiasi kwamba mwaka uliofuata Shirika la Wanyamapori la Kenya lilianza kuhamishia huko pundamilia kutoka maeneo mengine, kwa hofu kwamba simba waliobaki bila mawindo wangemaliza mifugo. Lakini angalia wakati wenyewe: ukame ulipokuwa ukiendelea simba walijilia mizoga na wanyama dhaifu, na taabu ya wafugaji ikapamba moto mvua zilipokwisha kurudi na majani kuota, wakati hakuna aliyekuwa akitazamia hatari.

Kuhusu mwezi, ambao hukuuuliza lakini wenzako wengi huuliza: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mashambulizi ya simba dhidi ya watu kusini-mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba siku za hatari zaidi ni zile zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake ni nyepesi. Simba huwinda vibaya penye mwanga, kwa hiyo siku za mbalamwezi hushinda na njaa; mwezi ukishapita ukamilifu wake huchelewa kuchomoza kila siku, na saa za kwanza za usiku, watu wakiwa bado njiani, zinakuwa giza. Utafiti huo ulihusu watu, si ng'ombe, lakini kama una vijana wawili tu wa kulinda, hizo ndizo siku za kuwaweka nje mapema jioni.

Nirudi kwenye boma lako. Nakuomba uchunguze jambo moja kabla ya kugusa ukuta: matawi yaliyovunjika yameangukia upande gani? Katika maboma mengi ninayoitwa kuyaona, miiba imelala nje. Simba hakuingia. Alizunguka upande unakotoka upepo, ng'ombe wakanusa harufu yake, wakapagawa, wakauvunja ukuta wao wenyewe na kutawanyika gizani, na huko ndiko alikowasubiri. Ukuta wa miiba mikavu humchelewesha simba kidogo tu, lakini hauzuii kabisa uzito wa ng'ombe 70 wenye hofu. Ndiyo maana ukuta hai umeleta nafuu katika vijiji kama Loibor Siret: nguzo mbichi za miti ya jamii ya manemane huchimbiwa kwa karibu, hushika mizizi na kuchipua, na wavu wa seng'enge hufungwa juu yake, kwa hiyo mfugo aliye ndani hatoki na mnyama aliye nje haoni wala hapandi kwa urahisi. Nguzo hizo zinataka unyevu ili zishike, lakini usingoje zikue ndipo ufunge wavu. Lango ndilo hushindwa kwanza. Ukiziba kila mahali kwa wavu halafu ukafunga lango kwa tawi la mgunga, umejenga mtego wa ng'ombe wako.

Punda wako, nina hakika, alikuwa nje. Sikulaumu, karibu kila mtu humwacha punda alale nje kwa sababu huonekana anajua kujitetea, lakini simba hupenda punda, na sijui kwa nini tunaendelea kushangaa. Waingize ndani kuanzia mvua ya kwanza. Mifugo inayopotea malishoni jioni nayo ni sehemu kubwa ya hasara ambayo baadaye huandikwa kuwa ya bomani. Hesabu ifanyike kabla jua halijazama, na kundi la msimu wa mvua lichungwe na mtu mzima, si mtoto wa miaka tisa. Ukihamia ronjo, yaani kambi ya muda ya malisho, tahadhari hizi zinahitajika zaidi, maana ukuta wa ronjo ni wa haraka na kwa kawaida uko karibu zaidi na wanyama.

Taa zinazomulika kwa kupokezana, ambazo kijana Richard Turere alizibuni akiwa bado mtoto karibu na Hifadhi ya Nairobi, zina faida, kwa masharti. Simba huogopa kisichotabirika. Taa iliyofungwa mahali pamoja mwaka mzima huzoeleka kama nyota, kwa hiyo zifungwe mvua zinapokaribia, zihamishwe mara kwa mara, na zitolewe kiangazi. Anayekuuzia taa kwa ahadi kwamba utalala usingizi miaka kumi ni ndugu wa yule wa mnadani.

Chui na fisi sitawazungumzia kwa urefu, kwa kuwa hawafuati kalenda hii kwa namna ya simba na mara nyingi hutafuta mbuzi na kondoo. Ila hakikisha unajua aliyekuja: unyayo wa fisi huacha alama za kucha, wa simba hauachi. Wafugaji wengi hulipiza kwa simba deni la fisi.

Hesabu ya chupa ndiyo hiyo hiyo inayotumika kusifia mkuki. Boma likishambuliwa Aprili, vijana humuua simba mmoja Mei, na Juni inakuwa tulivu, kila mtu husema kwamba dawa ya simba ni kumuua simba. Juni ingekuwa tulivu hata hivyo. Tena dume mwenye eneo akiuawa, nafasi yake huchukuliwa na madume wageni, ambao huua watoto wa mtangulizi wao, na kwa muda kunakuwa na simba vijana wasio na makao wanaotangatanga kandokando ya hifadhi, yaani simba wa aina ile ile inayopenda kujaribu maboma.

Sumu ndiyo iliyonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Vijana hutumia viuatilifu vya shambani, hasa karbofurani, punje za zambarau ambazo kiganja kimoja chake hutosha kwa mzoga mzima. Mwezi Desemba 2015 katika Masai Mara mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu uliwapata simba wa kundi lililokuwa likijulikana na watalii dunia nzima. Baadhi walikufa na wengine waliokolewa na madaktari kwa shida. Hao walipata madaktari. Mbwa wako atakayeokota mfupa hatapata, wala mtoto atakayeshika punje hizo kisha akala ugali kwa mkono ule ule. Tai hufa kwa makumi juu ya mzoga mmoja, na tai ndio wanaosafisha mizoga kabla haijaoza na kueneza magonjwa; katika nchi yenye kimeta kama yenu, kuwaua tai ni kujichimbia. Na huu ni msimu wa mvua, mzee wangu: kilichonyunyiziwa leo juu ya mzoga, kesho kimeoshwa hadi kwenye dimbwi wanakonyweshea majirani zako. Simba uliyemlenga huenda asirudi kwenye mzoga huo kabisa. Kutega sumu kwa wanyamapori ni kosa pia chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na atakayekamatwa ni kijana wako, si yule aliyemuuzia punje hizo.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya jioni, piga picha mzoga wa punda na nyayo zilizo karibu, usiziache zikanyagwe, na umwite ofisa wa wanyamapori kupitia ofisi ya kijiji. Zipo Kanuni za Kifuta Jasho na Kifuta Machozi za mwaka 2011. Kiasi kinacholipwa hakifikii bei ya mnyama na huchelewa, lakini bila taarifa iliyoandikwa mapema hupati hata hicho. Akishaona, mzoga uburutwe mbali na boma na uchomwe hadi mifupa, kwa sababu ukibaki pale simba anaweza kuurudia usiku wa leo na kuwakuta ng'ombe wako hatua thelathini kutoka hapo. Pesa uliyokuwa umeitenga kwa chupa ya pili ipeleke kwenye lango.