Seti ya vifaa vya chensoo: soma baa yako kabla hujalipa

Huku Mufindi, msimu wa kuvuna misindano ukikaribia, vijana wengi hunitumia picha ya boksi la seti ya vifaa vya chensoo, yaani msumeno wa mashine: cheni mbili, baa (bapa la chuma linalozungukwa na cheni), tupa, plagi, filta ya hewa, glovu na miwani, vyote kwa bei moja. "Kaka, ninunue?" Nami huuliza kwanza: baa yako imeandikwa nini?

Maboksi mengi yanadai kwamba vifaa vyake vinaingia kwenye mashine zote. Hakuna cheni ya namna hiyo. Cheni ina vipimo vitatu, na vyote lazima vikubaliane na mashine yako. Cha kwanza ni nafasi ya viungo. Pima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Ukipata milimita 9.3 hivi, hiyo ni cheni ya inchi 3/8. Milimita 8.25 ni .325, na 10.26 ni .404, ile ya mashine kubwa kama Stihl 070. Cha pili ni unene wa vijino vya chini vinavyopita ndani ya mfereji wa baa: milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Cha tatu ni idadi ya vijino hivyo, maana cheni ikizidi au ikipungua haitakaza. Mara nyingi namba hizi zimegongwa kwenye baa yenyewe, upande wa kufungia. Futa oili na vumbi la mbao, utaziona.

Huo unene ndio unaowatia watu hasara bila wao kujua. Cheni ya 1.6 haiingii kwenye mfereji wa 1.3, kwa hiyo utaigundua hapohapo na kuirudisha. Lakini cheni ya 1.3 kwenye baa ya 1.6 inaingia bila taabu, mashine inawaka, na kazi inaanza. Kijana mmoja jirani yangu alinunua seti ya hivyo, akawa analaumu tupa kila siku kwa sababu gogo lilikuwa linakatika kwa kupinda. Tulipozima mashine nikaishika cheni kwa vidole, ikalala kushoto, nikaisukuma ikalala kulia. Meno yalikuwa makali kabisa. Hata angenoa mpaka jioni, ile cheni isingenyooka.

Namba zikikubaliana, sasa tuangalie tupa, kwa sababu thamani kubwa ya seti kwa maoni yangu iko hapo. Tupa ya duara lazima ilingane na cheni: milimita 4.8 kwa .325, 5.2 kwa 3/8 ya kawaida, 5.5 kwa .404, na 4.0 kwa zile 3/8 ndogo za mashine nyepesi. Tupa nyembamba kupita kiasi inachimba jino chini. Nene inaacha ncha butu. Kama seti ina kishikio cha kuongoza tupa chenye mstari wa nyuzi 30, hicho ni kitu cha maana sana kwa anayejifunza. Unasukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, unainyanyua wakati wa kurudi, na kila jino linapata misukumo sawa. Angalia pia kama kuna tupa bapa na kipimio cha kile kinundu kilicho mbele ya jino. Kwenye cheni nyingi za 3/8 kinundu kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Watu wengi wananoa jino na kusahau kinundu, halafu wanashangaa cheni kali haili mti. Ukikishusha mno nacho, mashine inarukaruka na kukuvuta. Msumeno ulionolewa sawasawa unatoa chenga. Ukitoa unga kama wa sembe, simama unoe.

Plagi na filta zisikushawishi. Plagi inafaa kama namba yake ni ile ya mashine yako, na filta nyingi husafishwa zikaendelea na kazi. Sproketi, kile kigurudumu cha meno kinachozungusha cheni, ndiyo ya kutafuta, na kwa bahati mbaya mara nyingi haimo. Ikiliwa zaidi ya nusu milimita, inaharibu cheni mpya mapema. Mimi huibadilisha kila baada ya cheni mbili.

Kuhusu glovu na miwani nitasema wazi, kwa sababu nimeona miguu iliyoshonwa. Zile za ndani ya boksi ni nyongeza tu. Kinachookoa mguu ni suruali yenye nyuzi ndani zinazojiviringisha kwenye cheni na kuisimamisha, na kinachookoa uso na kichwa ni kofia ngumu yenye wavu. Kama pesa yako inatosha seti peke yake au suruali peke yake, nunua suruali. Kazi itasubiri.

Baada ya hapo chukua karatasi. Andika kila kilichomo kwenye boksi, kata usichokihitaji na kisichoingia kwenye mashine yako, kisha ulizia bei ya vilivyobaki kimoja kimoja, iwe Mafinga au Kariakoo. Vilivyobaki vikizidi bei ya seti, nunua seti. Visipozidi, iache. Kwa anayeangusha miti kila siku, seti yenye cheni mbili sahihi na tupa zake mara nyingi hulipa. Mwenye miti michache ya nyumbani inamtosha cheni moja ya akiba, tupa yenye kishikio, na baa yake ileile anayoigeuza juu chini mara kwa mara ili iliwe sawasawa.

Nenda dukani na baa yako mkononi. Mwambie muuzaji afungue boksi, weka cheni kwenye mfereji, ivute kwa mkono, iyumbishe kwa vidole, na hesabu vijino vya chini mwenyewe. Akikataa kufungua, nunua cheni na tupa peke yake duka la jirani.