Mzee akija kliniki analalamikia mgongo

Ninyi mnaoanza kliniki hapa Kisumu mtazoea haraka: wazee kutoka Ahero, Kombewa na Muhoroni wenye tezi dume iliyokua (tezi inayozunguka njia ya mkojo chini ya kibofu) hawaji wakisema mkojo unawasumbua. Atakuambia ni mgongo, au ni malaria tu. Akiwa ameletwa na mkaza mwanawe, ndiyo kabisa hatafungua mdomo. Mwombe msindikizaji asubiri nje, mwite mgonjwa Jaduong' (mzee wa heshima, kwa Kijaluo), kisha uulize: usiku unaamka mara ngapi? Mkojo unatoka mara moja au mpaka usukume? Ukimaliza, unahisi mwingine umebaki? Yale maswali 7 ya dalili za mkojo (IPSS), yenye alama 0 hadi 35, yanasaidia (kuanzia 20 hali ni mbaya), ila usimwachie karatasi ajaze. Msomee.

Kabla ya kukimbilia PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), weka mkono chini ya kitovu. Mzee anayelowesha suruali kidogo kidogo huenda kibofu chake kimejaa pomoni na kinafurika. Pima mkojo na sukari, maana kisukari nacho huamsha watu usiku. Uliza kama aliwahi kuugua kisonono ujanani. Kovu kwenye njia ya mkojo huleta dalili zilezile. Uliza pia dawa za mafua alizonunua dukani. Baadhi yake hufunga mkojo ghafla.

Kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa hakikwepeki, hata mkionea haya kuliko mgonjwa. Tezi dume iliyokua kwa umri huwa laini na yenye kunepa, kama ncha ya pua. Ukigusa kinundu au ugumu, andika rufaa.

Ultrasaundi ikisema tezi ni gramu 60, usiishie hapo. Ukubwa haulingani na taabu: kuna tezi kubwa isiyomsumbua mtu, na ndogo iliyoziba njia. Soma mkojo uliobaki kibofuni baada ya kukojoa.

PSA usiipime mara baada ya kuweka mpira wa mkojo (katheta), wala wakati wa maambukizi. Itapanda, na nyumbani wataanza kuuza ng'ombe kwa hofu ya saratani. Ngoja wiki 6 hivi. Aliyetumia finasteride, dawa ya kupunguza tezi, miezi 6 au zaidi, zidisha jibu lake la PSA mara 2.

Na anayeingia amejikunja, hajakojoa tangu jana, asipelekwe kwenye foleni ya picha. Mpira kwanza.