Kitufe hakihami: kwa walimu wapya wa kitengo cha elimu maalumu

Kila muhula kosa ni lilelile. Mwalimu mpya anaripoti kitengoni, labda moja kwa moja kutoka Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, ana moyo wa kazi. Anafungua kishikwambi cha mtoto asiyeweza kuongea na kukuta ubao wa mawasiliano (vitufe vya picha; mtoto akibonyeza, kifaa kinamsemea neno) ambao machoni pa mwalimu umevurugika. Anakaa nao jioni nzima: vyakula juu, wanyama chini, rangi pembeni. Ubao unapendeza. Asubuhi mtoto hawezi kusema.

Wadogo zangu, nawapenda, lakini nimechoka kulirudia hili kwa mdomo. Basi naliandika.

1. Kitufe hakihami. Mtoto aliyezoea kifaa chake haitafuti picha kwa macho kila anapotaka kusema. Mkono wake unakumbuka. "Tena" iko kona ya chini kushoto, na mkono unakwenda huko kama wako unavyoifuata swichi ya taa gizani. Sasa tuseme hapo umeweka "choo". Mtoto yuko kwenye bembea, anataka kusukumwa tena. Anabonyeza, sauti inasema "choo". Anateremshwa, anapelekwa chooni, hana haja. Anarudi, anabonyeza palepale, anapelekwa tena. Mara ya tatu anapiga mayowe na kujiuma mkono, na kwenye daftari la kumbukumbu inaandikwa "leo amekuwa mkorofi". Ikifika Alhamisi hakigusi kifaa kabisa, nasi tunasema hakimfai. Sisi wenye miaka mingi kitengoni tumelifanya hili, na neno "mkorofi" tumeliandika kwa mikono yetu. Linauma kwa sababu mtoto hana njia ya kutuambia tulichokosea. Maneno ambayo angetuambia kwayo ndiyo tuliyoyahamisha.

Kosa hilohilo huja pia kwa sura ya huruma. Mtoto anaanzishiwa vitufe 9 vikubwa, akivimudu anapewa 20, kisha 60. Kila hatua, kila neno linahama, na mkono unaanza upya. Fanya hivi badala yake: siku ya kwanza pima kitufe kidogo kabisa ambacho kidole chake kinakipata bila kukosea. Weka ubao wa ukubwa huo tangu mwanzo, mathalani safu 6 zenye vitufe 10 kila moja. Ficha 48, acha 12 wazi, kila kimoja mahali kitakapobaki siku zote. Kuongeza neno ni kulifichua tu. Na kabla ya kugusa chochote, au kusasisha programu, hifadhi nakala ya ubao nje ya kifaa, jina la faili likiwa na tarehe.

2. Bonyeza wewe kwanza. Mtoto anayeongea husikia lugha miezi mingi kabla ya neno lake la kwanza. Piga hesabu: saa 8 kwa siku, kwa mwaka mmoja na nusu, ni saa 4,380. Anayetumia kifaa akiwaona wengine wakisema kwa kukibonyeza saa moja tu kwa wiki, atazifikia hizo baada ya miaka 84. Kwa hiyo ukisema "ngoja, tunaondoka", bonyeza "ngoja" huku unasema. Neno moja au mawili yanatosha, hatua moja mbele ya alipo yeye. Usimwambie arudie. Usimshike mkono na kumbonyezesha, maana hapo umesema wewe kwa kidole chake. Na ukimuuliza, hesabu hadi 10 kimoyomoyo kabla ya kufungua tena mdomo. Wengi wenu hamfiki 3.

3. Usitafsiri ubao wa Kiingereza neno kwa neno. Utapata "mimi" na "taka", na mtoto atasikika akisema "mimi taka" maisha yake yote. Kiswahili hubeba mtenda ndani ya kitenzi, kwa hiyo "nataka" ni kitufe kimoja, "sitaki" kingine, na vyote vikae ukurasa wa kwanza. "Mimi" ibaki kwa ajili ya kujibu "nani?". Tena, hakuna mtoto wa Tandale au Kisauni anayesema "zaidi" akimaliza uji. Anasema "niongezee". Weka "niongezee", "basi", "njoo", "nisaidie", "naumwa", "acha". Ubao wenye ugali, maji na choo peke yake unamfanya mtoto awe mwombaji tu. Hawezi kukataa, kuita wala kuuliza.

Sauti nayo iangalie. Ya Kiingereza ikisoma "ng'ombe" hata mama yake hataelewa. Kama kifaa hakina sauti ya Kiswahili, rekodi maneno kwa sauti ya mtoto wa rika na jinsia yake. Msichana wa miaka 8 asisemewe na mwalimu wa kiume.

4. Kifaa hakifungiwi kabatini wala hakichukuliwi kama adhabu. Akibonyeza "chapati" mara 30 katikati ya hesabu, anafanya kile ambacho mtoto mchanga hufanya na "bababa". Punguza sauti, usizime. Mjibu mara moja, "chapati ni mchana", endelea na somo.

5. Chaji ni usiku, kila usiku, na nyumbani waelezwe hivyo. Umeme hukatika na juani kioo hakionekani, kwa hiyo piga picha ya ukurasa wa kwanza, chapisha kwenye A4 kwa mpangilio uleule, ifunike kwa plastiki isiyong'aa, itundike kwenye kiti chake.

6. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, anza na kiti. Nyayo zikanyage, viwiko viegemee, kifaa kiinuliwe kimtazame. Mkono ukitetemeka, weka mpangilio wa kitufe kukubali kikishikiliwa nusu sekunde, au funika kioo kwa plastiki yenye matundu.

7. Kwenye sayansi usikimbilie kuongeza "usanisinuru", neno atakalolitumia wiki moja. Muulize jani linafanya nini. "Jua", "maji", "tengeneza", "chakula": hilo ni jibu sahihi, lipe alama.

Kesho asubuhi, kwenye nafasi iliyo wazi ya ukurasa wa kwanza, bila kusogeza kingine, weka kitufe cha "neno langu halipo hapa". Akikibonyeza, weka chaki chini, kaa usawa wa macho yake, uliza moja moja, ajibu ndiyo au hapana: ni mtu? Ni kitu? Ni mahali? Ni cha nyumbani? Mkilipata, liingize pale pale akiona.