Je, ni dhambi kusali nyumbani na wenzangu badala ya kanisani?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Mwanjelwa, Mbeya. Mama alipofariki, wazee wa kanisa walitaka kwanza waone kadi yake ya ahadi. Ilikuwa na deni. Tukalilipa, ndipo kanisa likamzika. Tangu hapo sijarudi. Jumapili jioni tunakutana vijana nyumbani kwa mwenzetu, tunasoma Neno, tunaulizana maswali, tunaombeana. Hatuna mchungaji wala sadaka. Mwenzetu mmoja anasema makanisa ya majengo yamepitwa na wakati, na kwamba sisi ndio tumerudi kwenye kanisa la Matendo ya Mitume. Baba, ambaye naye ni mzee wa kanisa hilo, anasema nimeasi. Je, natenda dhambi? Na tunaweza kumega mkate wenyewe?

JIBU: Binti yangu, pole kwa msiba, na pole kwa ile kadi. Mtume Paulo anataka kila mtu atoe “si kwa huzuni, wala si kwa lazima” (2 Wakorintho 9:7). Kudai ahadi ya marehemu kwa wanawe kabla hajazikwa ni huzuni na lazima kwa pamoja. Waliofanya hivyo walikosa, na hakuna katiba ya kanisa itakayowatetea mbele za Mungu.

Kukutana nyumbani si dhambi. Prisila na Akila walikuwa na kanisa nyumbani mwao (Warumi 16:5). Anayekuita mwasi kwa hilo tu amekuonea.

Ninachokikataa ni fundisho la mwenzako. Kama mmerudi kwenye Matendo ya Mitume, basi na asome 2:46 yote: “Na siku zote kwa moyo mmoja walidumu ndani ya hekalu, wakimega mkate nyumba kwa nyumba.” Hekaluni na nyumbani, vyote viwili. Na hekalu lenyewe lilikuwa mikononi mwa makuhani wale wale waliomtoa Bwana wao asulubiwe. Mitume walikuwa na sababu ya kulisusa kuliko wewe na mimi, wasilisuse.

Tena anadhani uovu unakaa kwenye jengo. Kanisa la Korintho lilikutana majumbani, na humo humo wenye nacho walitangulia kula wakashiba, maskini wakabaki na njaa (1 Wakorintho 11). Mlichokikimbia kinaweza kuwafuata mpaka sebuleni, na mwenye sebule akawa askofu asiyeulizwa na mtu. Kule Seattle, Marekani, kanisa la Mars Hill lilianza mwaka 1996 kama kundi dogo la kujifunza Biblia nyumbani. Likakua hadi maelfu ya watu. Mwaka 2014 kiongozi wake akajiuzulu akituhumiwa ubabe, na kanisa lote likavunjwa.

Mimi ni Mmoravian, na mtu asiniambie kwamba vikundi vidogo ni kitu kigeni. Mwaka 1727 kule Herrnhut, Ujerumani, wazee wetu walijigawa katika vikundi vidogo vya kuombeana na kuonyana. Lakini tarehe 13 Agosti mwaka huo, siku tunayoihesabu kuwa ya kuamshwa kwetu, Roho aliwashukia kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la kijiji jirani, Berthelsdorf, kanisa la Kilutheri lenye mchungaji wake. Kutoka kwa watu wa namna hiyo ndiko Injili ilikofika Rungwe mwaka 1891. Hata Waanglikana wa Uingereza, walipokiri mwaka 2004 kwamba parokia peke yake haziwafikii watu wa utamaduni wa sasa, waliruhusu makusanyiko mapya mikahawani na majumbani, ila si nje ya uangalizi wa maaskofu.

Halafu jiulize: ni nani kati yenu ana miaka sabini? Nani ana mtoto mchanga? Jicho haliwezi kuuambia mkono, “Sina haja na wewe” (1 Wakorintho 12:21). Waalikeni akina mama waliosali na mama yako. Kuhusu kumega mkate, msifanye hivyo kwa sasa. Kuleni pamoja, ombeni, lakini Meza ni ya mwili wote, na ninyi bado mna ugomvi na sehemu ya mwili huo.

Sasa nikuambie ninachokiona katika barua yako. Baba yako alikuwa mzee wa kanisa siku ile kadi ya mkewe ilipokaguliwa. Hukuniandikia kama alisema neno. Kama alinyamaza, huenda ukali wake kwako ni aibu ambayo hajapata pa kuitua, na wewe nawe huenda una hasira naye kuliko na kanisa. Usimwendee na mistari ya Biblia. Mpikie, kaa naye, muulize siku ile ilikuwaje kwake, umsikilize mpaka amalize.

Baada ya hapo, nendeni wawili kwa mchungaji wenu, kama Mathayo 18 inavyoagiza, mseme wazi kwamba mliumizwa na mnataka utaratibu huo ukome ili usimpate mjane mwingine. Wasipowasikia, lipelekeni ngazi ya juu kwa maandishi. Mkihitaji mtu wa kukaa nanyi kikaoni, niandikie tarehe, nitakuja.